Nafasi za Kazi

Tangazo wamelibandika getini, juu ya lile la chanjo ya kuku:
wanatakiwa wabanguaji, wamenyaji, wapanga madaraja,
umri miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano.
Nimelisoma mara mbili, ukungu wa Newala
ukinilowesha miwani,
nikadhani labda tarakimu ndizo zilizolowa.

Ndani, foleni inakwenda upesi.
Unaweka kidole, kidude kinawaka kijani, unapita.
Kwangu kikawaka nyekundu.
"Futa, mama." Nikafuta kwa kanga.
Nyekundu.
"Jaribu gumba." Nikajaribu gumba,
nikajaribu cha shahada, cha kati, cha pete,
na vya kushoto, vyote kumi nikavipeleka
kama mama anayepeleka watoto kliniki.
Nyekundu.

Shaibu, kijana wa ofisini,
akakigeuza kiganja changu kwenye mwanga:
"Mbona huna alama?"

Alama ninazo, mwanangu, ila hazipo hapa.
Zimebaki mle ndani, benchi la tatu kutoka dirishani,
miaka ishirini na mitatu.
Mafuta ya ganda la korosho hayana adabu;
ukijipaka majivu yanapita, ukijipaka nyonyo yanapita,
yanakula ngozi mstari kwa mstari
kama mchwa kwenye daftari.
Msimu wa kwanza nililia usiku, mikono kwenye beseni.
Msimu wa tano niliipua sufuria bila kitambaa,
watoto wakacheka, nami nikacheka.
Lakini korosho zangu zilitoka nzima.
Nzima, nyeupe, zimejikunja kama sikio la mtoto.
Zilipanda meli Mtwara zikaenda kwa watu nisiowajua.
Huenda alama zangu wamezila wao.

"Si umri, mama," akasema,
na umri mimi sikuutaja.
"Ni mfumo."
Nikatazama huku na huku ameketi wapi huyo Mfumo
nimwamkie.

Nyuma yangu Sikujua akainamia viatu vyake.
Nilimfundisha mimi: kanyaga, vuta, usibane pumzi,
ganda likilia hivi kiini kimepona,
likilia vile umeshakivunja.
Ana miaka ishirini na sita. Anatoa kilo nane kwa siku.
Mimi natoa kumi na mbili nikiwa na homa.
Mizani ipo palepale ukutani,
hakuna aliyeiuliza.

Na jina lako, Shaibu, alikupa nani? Babu yako?
Shaibu ni mtu aliyekula chumvi mpaka akasahau ladha yake.
Wewe ndevu hazijaota, unaitwa mkongwe tangu unanyonya,
na kazi umepata.

Alicheka. Nadhani alicheka kidogo.

Kisha akatoa karatasi na pedi ya wino.
*Nimeacha kazi kwa hiari yangu*, imeandikwa,
na mhuri umeshapigwa.
"Hapa weka gumba tu."

Gumba!
Lilelile ambalo saa moja iliyopita halikuwa la mtu
sasa limepata mwenyewe.

Nikamwomba kalamu.
Kuandika nilijifunza nimeshazaa mara tatu,
darasa la jioni, taa ya chemli, mwanangu wa mwisho mgongoni.
Hati yangu si nzuri, ila haisahau nukta.
Nikalikata neno *hiari*. Juu yake nikaandika *umri*.
Nikatia sahihi, polepole, herufi zote:
Somoe Chitanda.

"Mama, umeiharibu fomu."
"Lete nyingine."
"Na hiyo ukiiharibu?"

Nikavuta kiti, nikaketi, nikaweka mikono mezani.
Kuanzia leo, mwanangu, nafasi ninayo.